Mswaki wa Umeme Niliompa Mama

Nilipojifungua, mama alipanda kutoka ziwani kuja kunisaidia kulea, na mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa kwetu. Mimi nimeolewa huku Mbinga. Kila alipoinama kumbeba mtoto, harufu ya kinywa chake ilinifikia, nikawa nageuza uso. Siku wanawake wa jumuiya walipokuja kumwona mtoto, jirani yangu alisogeza kiti chake mbali na mama. Mama hakuona. Mimi niliona, aibu ikanishika.

Wageni walipoondoka nikachukua mswaki wangu wa umeme, nikaubadilisha kichwa, nikampa.

"Mama, sugua na ulimi. Kinywa chako kinanuka, watu wanashindwa kukaa karibu nawe."

Nilisema hivyo hivyo, mume wangu akiwa mlangoni. Mama akaupokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Sikujua."

Sikumwonyesha hata namna ya kuutumia. Kesho yake alifunga mzigo, akarudi ziwani.

Miezi minne baadaye nilimpelekea mjukuu. Jumapili tulikwenda kanisani, na mama, ambaye aliimba kwaya tangu sijazaliwa, alikaa benchi la nyuma, kanga mdomoni. Nikamuuliza mbona haimbi. Akasema amezeeka. Tulipotoka, mama mdogo alinivuta kando.

"Dada hasimami tena karibu na watu. Asubuhi na jioni anasugua ulimi kwa kile kidude chako mpaka anatema damu."

Nyumbani nilimwomba mama apanue kinywa. Ulimi ulikuwa umechubuka, mwekundu kama nyama mbichi. Na huko ndani kabisa, gego lilikuwa na shimo jeusi, fizi imevimba.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja kwako. Nilitaka unipeleke hospitali. Nikakuta una kichanga, nikaona nisikusumbue."

Wiki tatu alikaa kwangu, na sikumuuliza kwa nini alikuwa akitafuna upande mmoja.

Nilipanda naye Mbinga. Daktari wa meno aling'oa lile jino, akasema harufu kubwa ilitoka hapo. Kisha akautazama ulimi.

"Ulimi husafishwa taratibu, kutoka nyuma kuja mbele, bila kukandamiza. Nani alikufundisha kusugua namna hii, mama?"

"Hakuna. Nilijianzia mwenyewe tu."

Hakunitazama. Ningeweza kusema pale pale kwamba ni mimi. Nilikuwa nimempakata mtoto, nikajifanya ninamfunga vizuri shali.

Nilimwomba radhi stendi, basi likiwa linapakia mizigo. Akasema yamekwisha, akanishika bega.

Kwenye kwaya amerudi, mama mdogo ananiambia. Lakini kwangu hajalala tena. Kila nikimwalika husema ana palizi, hata miezi ambayo shambani hakuna cha kupalilia.