Nakeno Akataa Kubebwa

Nakeno alikuwa amebebwa karibu maisha yake yote. Huko Kakuma alikozaliwa, polio ilimwacha bila nguvu za miguu angali anatambaa, na mama yake akambeba mgongoni mpaka mgongo wenyewe ukashindwa. Alipohamia Lodwar kushona sare za shule, alipata kiti cha magurudumu. Lakini mchanga wa Nawoitorong, mtaa alikoishi, hauna huruma na magurudumu. Akifika popote, mikono ilikuwa imeshachoka.

Jumapili ilimchosha zaidi. Nakeno ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya, na kwaya iliimbia jukwaani, juu ya ngazi. Emuria na Byron, waimbaji wenzake, walimwinua na kiti chake, huku wakizungumza mambo ya mpira juu ya kichwa chake. Sketi ilipanda, waumini wakatazama. Walifanya kwa moyo mwema, naye alijua hivyo, kwa hiyo alinyamaza miaka mingi.

Jumapili moja Emuria alikuwa amesafiri kwenda Lokichoggio. Mgeni mmoja akajitolea kushika upande wake, akainua kabla Byron hajawa tayari. Kiti kikapinduka. Nakeno akaanguka kwenye sementi mbele ya kanisa zima. Hakuumia sana, ila kiganja kilichubuka. Watu walimzunguka, wengine wakaanza kumwombea kwa sauti. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Walimpandisha jukwaani, akaimba.

Wiki iliyofuata alisimamisha kiti chake chini ya ngazi. Byron akainama kumshika, naye akamzuia kwa mkono.

"Acha, Byron. Leo sibebwi."

Mwalimu wa kwaya, Kiprop, alishuka kumbembeleza. Alisema sauti zitapotea akikaa peke yake, na kwamba njia ya mteremko ya kupandishia kiti itajengwa, wazee wa kanisa wameshakubaliana. Walikuwa wamekubaliana tangu jukwaa lilipojengwa.

"Mwalimu, sijachoka kuimba," Nakeno akasema. "Nimechoka kuinuliwa kama gunia. Nitawasubiri hapa chini."

Ndipo Sally, mwanakwaya aliyezoea kusimama karibu na Nakeno, akashuka akasimama kando ya kiti. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Akina mama wawili wenye magoti mabovu walibaki juu, kushuka kukiwa kazi kwao pia. Wimbo ulianza vibaya, sauti mbili zikitoka juu na nyingine zote chini, lakini ukafika mwisho.

Sasa kwaya inaimbia chini. Waumini wa nyuma hulalamika kwamba hawaioni. Njia ya mteremko nayo ilijengwa hatimaye, lakini fundi aliifanya fupi na kali. Nakeno alipoijaribu, kiti kilimrudisha nyuma. Alishukuru, akaomba irefushwe. Wazee wakamwambia watalizungumza.

Hakushangilia wala hakukasirika. Jumatatu alirudi kwenye cherehani yake ya mkono, mabega yakiuma kama kawaida.

Kilichobadilika ni kidogo. Siku za ibada Byron humkuta njiani, magurudumu yamezama mchangani, husimama na kumsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," kisha humuuliza, "Nikusukume, dada, ama unaendelea mwenyewe?"

Mara nyingine Nakeno husema anaendelea. Mara nyingi, jua likiwa kali, humwambia asukume.