Dale Trezise Anachagua Padi

Ukitaka kumjua Dale Trezise, mpe kitu kipya mkononi. Atakigeuza, atakipima uzito kwa kiganja, atakitikisa sikioni kama mtu anayenunua yai, kisha atabetua mdomo wa chini. Basi, hukumu imetoka. Sisi majirani zake wa mji wa Mildura tumemsikia akibeza mashine za watu za kukatia nyasi, soseji zinazochomwa Jumamosi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na hata mtoto mchanga wa mtaa wa pili, ambaye eti masikio yake yamekaa vibaya. Mkewe alivumilia miaka saba, akaondoka na mbwa. Kazi ya Dale ni kutengeneza pampu za kumwagilia mizabibu, na hapo sina neno, maana pampu ikipita mikononi mwake haisumbui tena. Tatizo ni kwamba alidhani dunia nzima ni pampu.

Mtu mmoja tu alisalimika na ulimi wake, naye ni dada yake mdogo Roslyn, ambaye wote tunamwita Ros. Figo za Ros zilikufa mwaka juzi. Tangu hapo, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hukaa kwenye kiti cha kliniki kwa muda wa saa nne na nusu, damu yake ikitoka mwilini, ikipita kwenye mashine, ikirudi imesafishwa. Anasema maumivu ameyazoea. Kinachomuua ni dari. Amehesabu vigae vya dari ile hadi anavijua kimoja kimoja.

Siku moja ya Februari, joto likiwa digrii arobaini na tatu na wakulima wakikimbizana na zabibu zao, Ros alimfuata kakaye kwenye banda lake la nyuma ya nyumba.

"Dale, simu yangu hii inaweza kucheza yale magemu yetu ya zamani?"

"Siku hizi hata kibaniko cha mkate kinaweza," Dale akajibu bila kuinua kichwa. "Mashine zenyewe zilishakufa, lakini kuna programu inaigiza kila kitu. Nitakuwekea."

"Na padi ya kuchezea? Maana kioo cha simu kinateleza, sikiwezi. Nitafutie padi, halafu njoo Jumanne tukae wote. Tummalize yule chura."

Chura huyo ni chura mwenye taa, anayepanda mnara wa bahari wenye ghorofa nane ili awashe mwanga juu kabisa. Mwaka 1988 watoto hawa wawili walicheza kwa zamu kiangazi kizima, akifa mmoja anashika mwingine, wakafika ghorofa ya saba. Hapo baba yao akaiuza mashine, akanunua magurudumu ya gari. Ghorofa ya nane hawakuiona kamwe, na kwa miaka thelathini na kitu Ros amekuwa akiitaja kama watu wengine wanavyotaja safari ya Ulaya.

"Niachie mimi," Dale akasema.

Ningekuwepo pale ningemwambia Ros akimbie.

Padi ya kwanza ilifika baada ya wiki moja, ya aina ile inayovutika na kuibana simu huku na huku. Dale aliishika, akacheza dakika tatu, akabetua mdomo. Ubaya ulikuwa kwenye msalaba, kile kibonyezo cha kushoto cha kumpeleka chura juu, chini na pembeni. Ukibonyeza juu, mara nyingine chura alikwenda juu na kulia kwa pamoja. "Msalaba wa namna hii," alisema, "ni wa kufungulia makopo." Akaiweka kando, akaagiza ya pili. Ya pili ilikuwa ndogo kama kiberiti, akasema imetengenezwa kwa ajili ya panya. Ya tatu vibonyezo vyake vilipiga kelele. Ya nne haikuwa na kelele, na hilo nalo likawa kosa, kwa sababu kidole hakijui kama kimebonyeza.

Msidhani alikuwa peke yake katika wazimu huu. Mtandaoni kuna baraza la watu wa aina yake, wanaume wenye mvi wanaotukanana mchana kutwa juu ya kama msalaba unapaswa kubingirika chini ya kidole gumba au kugonga. Kuna mmoja wa Hobart ambaye hajacheza gemu lolote tangu mwaka juzi. Anapima tu. Kwao padi haisifiwi mpaka uwe umezungusha kidole robo duara mara mia mbili na kuandika ni mara ngapi imekosea. Dale alizungusha. Dale aliandika. Kisha akaifungua ile padi ya kwanza kwa bisibisi, akabandika vipande vya utepe chini ya mpira wa msalaba ili upande wa pembeni usiguse kirahisi, akaifunga, akazungusha tena mara mia mbili, akaifungua tena.

Jumanne ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Jumanne ya nne Ros alimpigia simu akiwa kitini.

"Uko wapi wewe?"

"Bado, Ros. Nasubiri ya tano, inatoka Shenzhen."

"Njoo hivyo hivyo bwana. Lete hata karata."

"Karata! Nimekuahidi chura, nitakuletea chura. Unataka nikuletee takataka?"

"Nataka uje."

"Wiki ijayo," akasema, akakata simu, akarudi kwenye utepe wake.

Sasa niseme lile ambalo Dale hangelisema hata umtie kabari. Mwaka juzi, Ros alipoanza matibabu, alikwenda kliniki mara moja. Aliona ile mirija miwili imejaa damu ya dada yake, nyekundu, inazunguka, akasema anakwenda kusogeza gari. Alilisogeza hadi nyumbani kwake. Tangu siku hiyo kila mara kulikuwa na pampu ya mtu imeharibika. Basi padi ilipokuja ilimfaa sana, kwa maana nani atamlaumu kaka anayehangaika usiku na mchana kumtafutia dada yake kilicho bora? Uoga ni uoga tu, hata ukiuvisha miwani ya fundi.

Wiki ya nane Ros mwenyewe alipita bandani akitoka kliniki, amechoka, rangi imemtoka, bandeji mkononi. Alimkuta kaka yake ameweka simu moja inamrekodi kidole na simu nyingine inamwonyesha chura. Alikuwa anapima muda kati ya kubonyeza na chura kuruka. Mezani zimelala padi tisa.

"Hii ina nini?" Ros akauliza, akiinua moja.

"Inachelewa."

"Kiasi gani?"

"Sehemu ya ishirini ya sekunde."

"Dale. Mimi nakaa pale kwa saa nne na nusu. Nikichelewa sehemu ya ishirini ya sekunde nani atanifukuza kazi?"

"Wewe huelewi. Ghorofa ya saba ina lile daraja linalokatika. Bila msalaba mzuri hupiti."

"Sasa nipe hii niende nikafe nayo kwenye daraja."

"Siwezi kumpa dada yangu kitu kibovu," Dale akasema, na kwa kweli alimaanisha. Akamnyang'anya padi mkononi, taratibu, akairudisha kwenye foleni. Bandeji hakuitazama. Ros akanywa glasi ya maji, nusu tu kwa sababu maji yake hupimwa, akaenda zake. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini mwenzetu huyu hata koroma hakuwa ameliokota. Alikuwa bado anagonga vifuu.

Jumanne ya kumi na moja akawa tayari. Alikuwa amerudi kwenye padi ile ile ya kwanza, yenye utepe chini ya msalaba, na sasa ilikosea mara mbili tu katika mia mbili. Aliinunulia mkoba wenye sifongo ndani. Alivaa shati safi. Njiani alisimama akanunua pai mbili za nyama, moja ya Ros, ambayo Ros haruhusiwi kula kwa sababu ya chumvi. Mlangoni muuguzi akamwambia anawe mikono. Akanawa, akaingia akiangalia sakafu ili asiione mirija.

Alisikia muziki wa chura kabla hajainua macho.

Viti viwili vilikuwa vimesogezwa karibu kadiri mashine zilivyoruhusu. Kwenye kimoja alikaa Ros, mkono wake wa kushoto umenyooshwa juu ya mto, sindano mbili ndani, haukunjwi wala hausogezwi, kwa sababu ukikunjwa mashine inapiga kelele. Kwenye cha pili alikaa Bi Vincenza, mjane wa mkulima wa zabibu, miaka sabini na nane, yeye sindano zake ziko mkono wa kulia. Simu ya Ros ilisimama kwenye meza katikati. Na kila mmoja, kwa mkono wake mzima, alishika nusu ya padi ya zambarau, ya plastiki, ya kitoto, iliyotengana vipande viwili. Bi Vincenza alikuwa anamwendesha chura. Ros alikuwa anamrusha.

Dale akasimama na mkoba wake. Padi iliyomo humo ilihitaji mikono miwili. Ilibana simu katikati ya viganja viwili, kushoto na kulia, na wiki kumi na moja zote hizo, pamoja na kuzungusha kote kule, hakuwa ameuliza mara moja dada yake hutiwa sindano mkono gani.

"Kushoto, Vincenza! Kushoto!"

"Nimeshakwenda kushoto, mwanangu, wewe ruka!"

"Kaa hapo Dale, usiseme kitu," Ros akasema bila kumtazama. "Tuko ya nane."

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliona kwa macho yake ghorofa ya mwisho, ambayo hata yeye hakuwahi kuiona. Chura akaanguka mara mbili, akapanda tena, Bi Vincenza akimsukuma kwa kidole kilichokunjamana kama zabibu kavu, akitukana Kiitaliano. Halafu taa ikawaka. Bahari yote ya kwenye kile kioo kidogo ikawa ya njano. Muuguzi akapiga makofi, mzee wa kiti cha dirishani akainua mkono mmoja, na Ros akalia, machozi ya kweli, yakaingia masikioni kwa vile alikuwa ameegemea nyuma.

"Umeiona?" akamuuliza kakaye. "Umeiona, Dale?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemshika bega. Dale akaitazama ile nusu ya zambarau mkononi mwa bibi kizee, mdomo ukambetuka wenyewe.

"Hiyo haina hata msalaba," akasema. "Ni vibonyezo vinne vimetengana. Mliipata wapi?"

"Dukani," Bi Vincenza akajibu. "Dada yako alikuwa analalamikia dari, nikamtuma mjukuu wangu. Nilimwambia alete ya rangi ya zabibu. Alitumia dakika kumi, pamoja na kuegesha gari."

"Mngenisubiri. Nimekuletea hii, Ros. Inakosea mara mbili tu katika..."

"Padi ulijiagizia mwenyewe," Ros akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuomba Jumanne."

Dale akauweka mkoba sakafuni, pai zikipoa juu ya mapaja yake. Aliinua macho, akaiona mirija, akaitazama safari hii bila kukimbia, damu ikienda na kurudi. Akakohoa.

"Alhamisi nitakuja," akasema. "Huwa mnaanza saa ngapi?"

Ros aligeuza uso upande wa pili.

"Saa moja asubuhi," Bi Vincenza akamjibu. "Kila siku ni saa moja."