Jina Lililoachwa Jandoni

Naima wa Kitangari hakuwa mgomvi. Wanaomsikia akiwaka siku hizi hawaamini kwamba zamani hata aliyempita kwenye foleni ya maji hakumsemesha. Hasira alifunzwa, tena na watu wenye nia njema.

Mwanawe Fikirini alivimba taya akiwa mdogo. Saratani, walisema Dar es Salaam. Akapona, na haki isemwe: mashirika ya hisani yaliyoshikana na watafiti ndiyo yaliyomwokoa. Mashirika yalibeba nauli, malazi na dawa. Watafiti wakawa wanamfuatilia, wajue dawa ile inawafaaje watoto wa kusini, na ugonjwa ukitaka kurudi unaanzia wapi. Kila baada ya miezi kadhaa gari lilikuja kituo cha afya kuwachukua watoto wakapimwe.

Kisha Fikirini akaingia jando, akatoka Abdulrazaki. Huku kusini, jina la utotoni likiachwa jandoni limeachwa. Kumwita nalo kijana aliyekwisha kutoka ni kumtukana yeye na ukoo mzima, na anayethubutu hutozwa kuku. Naima mwenyewe akawa Mama Abdulrazaki, akafurahi kama mzazi yeyote.

Shirika lilipopiga simu kumuulizia Fikirini, aliipokea mjomba wake, Mzee Salmini. "Hapa hatuna mtu wa jina hilo!" akafoka, akakata. Alijiona amelinda heshima ya mpwa wake. Na wale wasomi, wenye magari na fulana zilizoandikwa upendo kwa watoto, wakaridhika. Hakuna aliyetumwa kuja kuuliza, na Newala mjini, iliko ofisi yao, si mbali. Wakamhesabu mtoto kuwa amepotea. Amepotea wapi, naye kila siku yuko mikoroshoni akiokota korosho?

Gari lilikuja mara mbili bila kumwita. Mara ya tatu ufizi wa kijana ulikuwa umeanza kuvimba tena, upande uleule. Naima akamshika mkono, wakaenda.

"Shikamoo, mama," alisema Godwin, afisa wa shirika, macho yakiwa kwenye kishikwambi.

"Marahaba. Mwanangu huyu, Abdulrazaki. Mlikuwa mkimtibu ninyi."

Godwin alitafuta, akatikisa kichwa. "Abdulrazaki hayumo, mama. Gari hili ni la watoto wa utafiti tu. Labda mkaanzie hospitali ya wilaya."

"Mtazame taya!"

"Pole sana, mama. Mimi si daktari."

Naima akamgeukia nesi Anjelina, aliyemjua kijana tangu anabebwa mgongoni. Anjelina akatazama chini. Uwanja mzima ulijua jina linalotafutwa, na uwanja mzima ulifunga mdomo. Vijana waliotoka jando pamoja na Abdulrazaki walikuwa wameegemea ukuta, wakitazama.

Mzee Salmini akainuka kwenye benchi. "Mama Abdulrazaki, usithubutu. Utamvua nguo mtoto mbele ya wenzake."

"Mama, tuondoke," kijana akanong'ona.

Hapo ndipo alipochemka. Alimchukia Godwin na pole yake, akamchukia kaka yake na heshima yake, akajichukia mwenyewe kwa kukaa kimya gari likija na kuondoka.

"Fikirini!" alipiga kelele. "Anaitwa Fikirini! Fikirini wa Naima! Mtafute sasa!"

Ukutani mtu akacheka. Godwin akagusa kioo, kisha akasema taratibu, "Yumo. Lakini mama, tulipiga simu..."

"Mlipiga simu! Mbwa wangu akipotea namtafuta zaidi ya hapo."

Mlango wa gari ukafunguliwa. Kijana akapanda huku machozi yakimtiririka, akakaa akiwapa wote kisogo. Naima akaenda dirishani, akamwita kwa jina lake jipya. Hakugeuka.

Gari likaondoka. Mzee Salmini akamjia dada yake. "Umeniaibisha, Naima. Yule hatakusamehe."

"Kuku nitaleta kesho," alijibu. "Na yeye anichukie. Anichukie mpaka awe mzee kama wewe."