Kicheko Nilichochukua Majengo

Mwezi uliopita nilirudi Nyeri kufundisha uigizaji kwa siku tatu, na kabla sijatoka hata stendi, kijana mmoja wa bodaboda akanitambua. "Wee! Si huyu ni yule mama mkwe wa TV?" Akawaita wenzake. "Mama, tuchekee hata kidogo tu!" Kwingine kote ningecheka. Nimewachekea watu kwenye supamaketi, kanisani, hata kwenye foleni ya benki, maana kicheko hicho ndicho kinachonilisha. Lakini pale, mabati ya Majengo, mtaa nilikokulia, yakionekana kule mbele, sikuweza. Nikawaambia nina mafua. Mimi, niliyelipwa miaka yote hii kujifanya mtu mwingine, nikashindwa hata kukohoa vizuri.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hili sijawahi kumwambia mtu, na nimeulizwa mara nyingi sana nilikitoa wapi kicheko kile.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Majengo, mimi na mama. Mama alifua mashuka hospitalini, akitoka nyumbani ukungu bado haujainuka. Aliyenilea mchana ni jirani wa mlango wa pili, mama mmoja aliyekaanga mandazi kwenye lango la ploti yetu ya vyumba vya kupangisha. Kama umewahi kukaa Nyeri mwezi wa saba, unaijua ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Mimi nilikimbilia kwenye jiko lake. Nikitoka shule naangusha mkoba, nanawa mikono, naanza kuchekecha unga; yeye anatwanga iliki. Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, lakini saa yake ilikuwa adhana: ikilia ya alasiri, anajua donge limeumuka. "Kairetu, kuja uonje," angesema. Kwake sikuwa na jina lingine ila hilo la Kikuyu, yaani msichana mdogo. Andazi la kwanza lilikuwa langu, lile linaloungua upande mmoja kwa sababu mafuta bado hayajatulia. Mpaka leo nikiona mandazi mazuri ya rangi moja, naona kama si mandazi.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Kusema kweli, nilikuwa nimeacha kuuona. Ukikaa na mtu kila siku, vitu kama hivyo hupotea. Nilichokiona mimi ni kicheko chake. Hakuweza kucheka akiwa amekaa. Ukimwambia jambo la kuchekesha anatupa mwiko, anainuka, anakupa mgongo, anaenda hatua tatu akiburuta ule mguu mpaka ukutani, anaweka kiganja ukutani, ndipo sauti inatoka, nyembamba kwanza, halafu nzito kutoka tumboni. Kisha anarudi akipangusa macho kwa leso. "Ati nini? Rudia." Nami nilirudia. Siku nyingine nilibuni vituko vya shuleni ambavyo havikutokea kamwe, ili tu nimwone akienda ukutani.

Nilipofika darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili alinichagua kwa mchezo wa tamasha la drama la shule. Huyo mwalimu, wacha tu! Alikuwa mdogo wa mwili, hapandishi sauti, lakini neno lake moja lilinitoa machozi: "Tena." Alinitembeza kutoka lango la shule mpaka kwenye tangi la maji nikiwa mwanamke aliyebeba kuni, na kuni hakuna, mara ishirini, mara thelathini. "Tena. Hizo kuni ni nyepesi." Wenzangu wameshaenda nyumbani, vidole vyangu vimekufa ganzi. "Tena." Alituambia kipaji ni cha kuringia wageni sebuleni, na kwamba anayetaka kula kwa kazi hii miaka mingi, aamke nayo kama wachuma chai.

Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la watu. Unaenda sokoni, unachagua mtu, unamtazama wiki mbili: anavyoshika kikapu, anavyokataa bei, anavyokasirika. Sheria ilikuwa moja tu. Mtu huyo awe wa mbali, asiyekujua, asiyeweza kuja kukutazama ukicheza. "Msichukue mtu wa nyumbani," alisema, "hata siku moja."

Nilipewa sehemu ya mama mkwe mwenye kiburi. Nilikaa sokoni wiki mbili, nikajaza daftari, na kila nilichokileta kilikuwa kikavu. Siku nne kabla ya tamasha mwalimu akanivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba sehemu hiyo ataipa msichana mwingine. Hutaamini nilivyoitaka. Nilikuwa mtoto wa chumba kimoja, na mchezo ule ndio kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho mtu alinitazama nikikifanya. Nikamwomba nijaribu mara moja. Tulipofika pale mama mkwe anapokicheka chakula cha mke wa mwanawe, nikawapa wenzangu mgongo, nikaenda hatua tatu nikiburuta mguu, nikaweka kiganja ukutani.

Mwalimu akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mama mmoja wa sokoni, Mwalimu."

"Wa mbali?"

"Wa mbali sana."

Sehemu ikabaki yangu.

Siku ya tamasha mama hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo jirani alikuja kama mzazi wangu. Alizima jiko lake, akavaa sweta ya kanisani, akaketi mstari wa pili na kikapu cha mandazi ya kikundi kizima. Nilimchungulia kutoka nyuma ya pazia na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nimemwandalia zawadi. Nilidhani atajiona na kusema, huyu kairetu ananijua kweli.

Wakati ulipofika, niliugeuzia ukumbi mgongo. Hatua ya kwanza tu, watu wakaangua kicheko. Sauti yangu ilikuwa bado haijatoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi nilikuwa naigiza kicheko, na ukumbi ulikuwa unatazama mguu. Ningeweza kuunyoosha. Sikuunyoosha. Niliposikia ule mvumo, nikauburuta zaidi.

Tulipewa kikombe. Kikapu cha mandazi nilikikuta kwenye kiti, kimejaa, na mwenyewe hayupo.

Mwalimu alikuwa amemwona akiinuka na kuondoka akiburuta mguu. Aliniita nyuma ya ukumbi. "Ni nani yako?" Nikasema ni jirani. Hakunichapa, afadhali angenichapa. "Umecheza kuliko wote leo," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Kesho uende umwombe msamaha. Ukitoka huko uje uniambie, ndipo tuendelee na kazi."

Kesho yake nilisimama nje ya mlango wake. Ndani nilisikia mwiko ukigonga karai. Nyuma yangu, langoni, watoto wa ploti waliokuja ukumbini walikuwa wamepanga mstari, wanaburuta mguu mmoja baada ya mwingine, wanakufa kwa kucheka. Nikarudi kwetu. Jumatatu nikamwambia mwalimu, "Nimeenda. Amenisamehe. Hata alicheka."

"Basi tuendelee," akasema.

Tukaendelea. Alinifundisha mpaka nikamaliza shule, kisha akanipeleka kwa mkono wake mwenyewe kwenye kikundi kilichoigiza vitabu vya fasihi vya mtihani mashuleni, Karatina, Othaya, mpaka Nanyuki. Miaka mitatu nilibeba masanduku ya mavazi na kufagia kumbi bila kutamka neno jukwaani. Miaka mingine kumi na zaidi nilikuwa msichana wa kazi anayeleta chai na kutoka. Nilitaka kuacha mara ngapi? Nikimpigia mwalimu simu, ananiambia neno lake lile lile, nami naanza upya. Nilipopata sehemu ya mama mkwe kwenye TV nikakitoa kile kicheko, na watu wakanipenda. Mwalimu alikufa akiamini nilikwenda.

Jirani naye hakunifukuza. Aliendelea kunipa andazi, limefungwa kwenye gazeti, zuri la rangi moja. Lakini hakwenda tena ukutani. Ukimchekesha alifunika mdomo kwa leso na kubaki kwenye kigoda chake. Baadaye akaacha kukaa langoni, akawa anauzia dirishani, na mwaka ulipoisha akahama. Mama aliniuliza kama najua kilichompata. Nikasema sijui.

Basi siku ya tatu ya mafunzo, msichana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Madam, hiyo laugh yako uliitoa wapi?" Nikafunga kazi mapema. Nilipita Majengo kwanza. Ploti yetu sasa ni gorofa ya mawe, na pale palipokuwa na jiko kuna kibanda cha M-Pesa. Mwenye duka karibu na msikiti ndiye aliyenielekeza mtaa wa Skuta, ambako jirani anaishi kwa binti yake.

Alinifungulia mwenyewe, na mkongojo. "Kairetu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetumwa unga. "Kwani hukuli? Kwa TV uko mnono."

Nilianza, "Mama, ile siku ya drama..."

"Kunywa chai kwanza." Akanitazama nikinywa. "Wajukuu huniita ukitokea. Cucu, kuja, mtu wako anacheka! Nakuja, naangalia. Lakini niko na swali moja. Mguu uliupeleka wapi?"

Sikumwelewa.

"Unaenda kwa ukuta na miguu mizima. Mimi sikuwa nacheka hivyo."

Nikamweleza kwamba niliuondoa kwa aibu. "Aibu ya nani?" akauliza. "Yangu ama yako?" Hakungoja jibu. "Simama basi. Cheka vile nilikuwa nacheka. Na mguu."

Nilisimama katikati ya sebule yake. Nikampa mgongo, nikaenda hatua tatu na ule mguu, kiganja ukutani, nikacheka. "Rudia," akasema. Nikarudia. Mara ya tatu kicheko kilikatika, nikabaki nimeegemea ukuta wake nikilia kama mtoto. "Pole, Mama. Pole sana."

"Pole ya nini? Itaje."

"Niliuburuta zaidi. Watu walipocheka, niliuburuta zaidi."

"Niliona," akasema. "Ni hapo tu paliniuma. Kicheko ningekupa, kama ungeniomba."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Nilirudi kitini. Nikafikiria jiko lile, iliki, andazi lililoungua upande mmoja, mwalimu na tangi lake la maji, vyote vimekwenda. Nikamwomba kitu cha kijinga. Nikamwomba anionyeshe yeye, mara moja tu, nione kama nimekishika sawasawa.

Alitazama ukuta. Akaweka mkono kwenye mkongojo kama anayetaka kuinuka, kisha akauondoa.

"Nilisahau vile inaanza," akasema. "Sasa ni wewe tu unajua."