Aliyeinywesha Miche Yangu Alfajiri

Ting. Ting. Ting.

Kijiko kinakoroga glasi jikoni, na nje bado giza.

Nikapapasa kitandani. Mume wangu Wistin yuko palepale, anakoroma. Nyumba nzima tuko wawili tu.

Basi nani anakoroga?

Mpaka nishuke ngazi na magoti yangu haya, jikoni hakuna mtu. Glasi iko kwenye sinki, chini imebaki unga mweupe. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Magadi soda.

Nikaingia chumba cha nyuma. Vyungu vyangu vyote vimelowa, na mimi sikumwagilia.

Ngojeni niwaeleze, wajukuu zangu, msije mkanifikiria vibaya. Hapa kwetu kisiwani Għawdex, nchini Malta, sheria inaruhusu miche minne ya bangi kwa nyumba, mradi wapita njia wasiione. Mimi sivuti. Ni ya Wistin. Machimbo ya mawe yalimla mgongo, na matone machache ya mafuta ya maua yake ndiyo yanayompa usingizi. Bila hayo analia kimya, akidhani sisikii.

Aliyenifundisha kuitunza ni Duminka, jirani yangu, shoga yangu tangu usichana. Mjane. Mikono yake inaotesha hata jiwe.

"Shoga, unaua mche kwa mapenzi!" alinicheka mwanzoni. "Usimwagilie kwa sababu tu umeukumbuka. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo mbichi, kaa chini unywe chai."

"Nikimwagilia, kiasi gani?"

"Mpaka maji yatoke chini ya chungu. Yale ya kwenye sahani uyamwage, mizizi nayo inapumua. Na ukinyanyue chungu ukijue uzito wake, kama unavyomjua mtoto aliyeshiba."

Akanifundisha na ile pH, kupima ukali wa maji kwa kikaratasi kinachobadilika rangi.

"Maji ya bomba letu yana chokaa tele. Changanya mbolea kwanza, halafu pima. Kikaratasi kisome sita na nusu hivi. Kikisoma nane, chakula kipo udongoni lakini mche hauwezi kukila. Unakufa njaa mezani! Tia tone la limau, koroga, pima tena."

Nikafuata kama sala. Miche ikastawi.

Kisha majani machanga yakaanza kuwa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani.

Duminka akawa anakuja kila alasiri. Analeta mkate na nyanya, anapangusa majani, ananishika bega. "Tutaiponya, Ġuża. Niko na wewe." Miche ilivyozidi kuugua ndivyo alivyozidi kukaa, mpaka chakula cha jioni. Nilimtaja kwenye sala zangu kila usiku.

Na Wistin? Chupa ya mafuta ikaisha, maua hayakuja. Akaanza kulala ameketi kwenye kiti, na akichoka sana na kiti, namrudisha kitandani kwa kumbembeleza.

Sasa asubuhi ile ya glasi, nikamwagia chungu kimoja maji safi niliyoyapima mwenyewe. Nikakinga yaliyotoka chini, nikachovya kikaratasi.

Zaidi ya nane.

Kumbe sio bomba, ni yale magadi.

Mtaani kwetu ufunguo hukaa nje, kwenye kitasa. Yeyote angeweza kuingia. Alfajiri iliyofuata nikajibanza nyuma ya pazia la jikoni.

Ufunguo ukazunguka taratibu. Akaingia mwanamke na mtandio wake wa kwendea misa ya kwanza. Akatoa unga mfukoni. Akakoroga.

"Duminka."

Glasi ikamponyoka.

"Ġuża... ni tumbo tu, limenisumbua..."

"Na miche nayo inaumwa tumbo?"

Akainama kuokota vipande vya glasi.

"Wistin alikukosea nini?"

"Wistin? Mungu wangu, hapana!" Akajiketisha sakafuni, mtu mzima vile. "Miche iliposhika hukuja tena kuniuliza kitu. Siku nzima naongea na redio. Nikasema, iugue kidogo, aniite. Kidogo tu, Ġuża."

"Mume wangu anakesha kwenye kiti, wewe unakula supu mezani pake na kumuuliza, 'Umeamkaje, kaka?'"

Angekuwa adui ningemfukuza nikalala zangu. Lakini huyu ndiye aliyenishika mkono siku nilipomzika mwanangu.

Nikamfungulia mlango. Akatoka.

Nikausuuza udongo kwa maji mengi yaliyopimwa, chungu baada ya chungu, nikauacha ukauke kabla ya kumwagilia tena. Majani mapya yakatoka kijani. Yale ya njano hayakurudi; yalidondoka.

Wistin ndiye aliyesema, "Nenda kamwone."

"Baada ya alivyokutenda?"

"Mimi naumwa mgongo tu, mke wangu. Yeye anaumwa nyumba nzima."

Wajukuu zangu, pimeni maji hata kama aliyewaletea mnampenda. Na msingoje mche uugue ndipo mpige hodi kwa mwenzenu.

Nilikwenda. Sikuvua koti. Sikumsamehe pia, nisiwadanganye. Alinimiminia chai, tukanywa. Niliposimama akanifuata mpaka kizingitini.

"Utakuja tena, Ġuża?"

Nikafunga vifungo vya koti.

"Njoo tu, shoga. Hata kama ni kuja kunitukana."