Umri wa Mama Mshonaji

Siku ile kwenye jimu, ukumbi wa mazoezi nilikofanya usafi, tulikuwa watu watano. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, ndani ya fulana mpya aliyoipiga pasi mara mbili. Alikuwepo mama mshonaji, jirani yetu wa mtaa wa La Rochelle, aliyekubali kuwa mteja wa mdogo wangu kwenye mtihani wa ukocha. Alikuwepo mkufunzi wao, mwanamke mfupi wa Soweto mwenye sauti ya upole na kalamu nyekundu. Alikuwepo mwanafunzi aliyesoma na mdogo wangu, binti aliyesubiri zamu yake huku akimenya ndizi. Na mimi, nimeshika mopu. Nawataja wote kwa sababu kati yetu watano ni wawili tu tuliojua mama mshonaji ana miaka mingapi, na wote wawili tulinyamaza. Mama mwenyewe alinyamaza kwa woga. Mimi nilinyamaza kwa wivu.

Tulifika Johannesburg mwaka 2008, mimi na mdogo wangu tu, kutoka Uvira, Kongo. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Kwenye foleni ya kuomba hifadhi nilijiongezea miaka mitatu ili nihesabiwe kuwa mlezi wake, naye nikampunguzia miwili ili shule isimkatae kwa ukubwa. Hakuna aliyenifundisha. Kila mtu kwenye foleni ile alikuwa akipiga hesabu yake. Baadaye nilijifunza kanuni ambayo watu wa kwetu wote hapa wanaijua: ukiulizwa tarehe ya kuzaliwa, usijibu kwa kichwa. Toa karatasi yako kwenye nailoni, soma, andika kama ilivyo. Karatasi mbili zikipishana, utajieleza mpaka uchoke.

Nilipata kazi ya usafi kwenye jimu moja ya Rosettenville, ghorofani, juu ya duka la samani. Miaka mitatu nilifuta vioo, na mtu anayefuta vioo huona mengi. Nilijua nani anabana pumzi akinyanyua chuma. Nilijua nani anayumbisha kiuno ili aonekane ana nguvu kuliko alizonazo, nani hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, nani amekuja kwa sababu mumewe amemtolea neno. Jumapili alasiri nikaanza kuwafundisha akina mama wa uani kwetu. Kreti ya bia ilikuwa ngazi yetu, na madumu ya lita tano yaliyojaa maji yalikuwa vyuma vyetu. Nilianza na kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika magoti, maana mwanamke anayepanda ghorofa tatu na ndoo hahitaji mtu wa kumhesabia mazoezi ya tumbo.

Mama mshonaji alikuwa wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka. Alikuwa anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni, na magoti yake yalilia kama mlango. Alipenda kuongea akifanya mazoezi, nami nilimwachia, kwa sababu mtu anayeongea anapumua. Siku moja nilimwuliza mwanawe wa kwanza ana umri gani. Akacheka, akasema nchi ilipobadilishwa jina ikaitwa Zaire, huyo alikuwa tayari mgongoni kwake. Nikapiga hesabu kimya tangu 1971: hakuwa chini ya hamsini na saba. Karatasi yake ilisema arobaini na tatu. Mtu aliyemtafsiria siku ya kwanza aliandika vibaya, naye akaogopa kusahihisha. Baada ya hapo akawa na umri wa karatasi kila alipoulizwa na mtu mwenye kalamu.

Nilitaka sana kusomea kazi ile. Nilienda nikaulizia kozi ya ukufunzi wa mazoezi, na mtu wa mapokezi akaniuliza cheti cha matriki, kile cha kumaliza sekondari. Hakunidharau. Aliuliza kwa adabu, nami nikatoka kwa adabu hiyo hiyo nikiwa na kijitabu cha maelezo mkononi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na matriki, aliipata mwisho wa mwaka 2011 kwa vioo nilivyofuta. Alikuwa anakaa nyumbani akitafuta la kufanya. Nikampa kile kijitabu. Nilidhani nitafurahi.

Alianza kozi, na chumba chetu kikajaa picha za watu waliochunwa ngozi. Alizibandika juu ya jiko, juu ya kitanda, hadi nyuma ya mlango. Asubuhi akinywa chai alisoma majina ya misuli kwa sauti, na mimi nikichemsha maji nilikuwa nimeshayashika kabla yake. Nilijua ule msuli wa nyuma ya paja unavyokaza kwa mtu anayekaa kutwa, nilikuwa nimeugusa kwa mikono hii kwenye mguu wa mama mshonaji, lakini sikujua kwamba una majina matatu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na majina. Alipoanza mafunzo ya vitendo kwenye jimu yetu, watu walewale walioniambia nisogeze ndoo walimwita kocha. Alikuwa na wiki mbili tu pale. Nilisogeza ndoo.

Lililoniuma zaidi lilikuwa somo la watu. Kitabu chake kilikuwa na sura nzima ya namna ya kumsikiliza mteja: ukae ukimwelekea, mikono iwe wazi, usimkatize, kisha umrudishie alichosema ili ajue umemsikia. Alikuja kunifanyia majaribio jikoni, akiniita yaya, yaani mkubwa wake, kama kwetu.

“Yaya, kuna sehemu ya mwili inayokusumbua?”

Nikamwambia kiuno, nikisimama sana.

“Kwa hiyo unasema kiuno kinakuuma ukisimama kwa muda mrefu.”

“Ndivyo nilivyosema. Nimezaa kasuku?”

Tulicheka wote wawili, lakini nilipogeukia sufuria macho yalikuwa yananichoma. Tangu mama afariki, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza wapi panauma, na aliyeuliza sasa aliuliza kwa sababu kitabu kilimwambia aulize. Hata wema, niliwaza, huyu anapewa cheti chake. Mimi nimeufanya miaka yote bila cheti.

Mwaka 2012, majira ya baridi, mdogo wangu aliniomba nimwazime mama mshonaji. Mtihani wao wa vitendo ulihitaji mteja wa kweli, mtu mzima, asiye ndugu. Aliyepita angepewa nafasi ya kazi pale pale jimu. Aliyeshindwa angesubiri miezi sita. Wanafunzi walikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Mama alikuwa wangu. Ningeweza kusema hapana. Nilisema ndiyo, kisha nikamchukia kwa kuniomba.

Wiki moja kabla, walijaza fomu ya afya uani kwetu. Je, unapata maumivu ya kifua, unameza dawa gani, umewahi kuzimia, ulizaliwa lini. Mama alipofika hapo aliingiza mkono kifuani, akatoa nailoni, akafungua karatasi yake na kunakili tarehe, tarakimu moja moja. Mdogo wangu akaangalia, akaandika pembeni: miaka 43. Nilikuwa naanika nguo hatua mbili kutoka walipokaa. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa na karatasi iliyompunguzia miaka miwili, lakini alishaizoea kiasi kwamba tarehe yake aliisherehekea kama siku ya kuzaliwa kweli. Miaka minne ya shule hapa ilimfundisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ningesema neno moja tu. Nikabana kibanio kwenye kola ya shati lake na kuingia ndani. Nilijiambia: si amefundishwa kusikiliza? Asikilize.

Basi, siku ya mtihani. Zoezi lilikuwa la kupanda na kushuka kwenye kisanduku, mdundo ukiongezwa polepole, huku kocha akipima mapigo ya moyo. Hesabu yake nilikuwa nimeisikia asubuhi nyingi: mia mbili na ishirini, toa umri, kisha usimfikishe mtu juu kabisa, uache akiba. Kwa umri wa karatasi, kikomo cha mama kilikuwa mapigo mia na hamsini kwa dakika. Kwa umri wake halisi, hata mia na arobaini hayakufika.

Mdogo wangu alifanya vizuri. Nasema kweli, alifanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Alimkaribisha mama kwa kumwuliza habari za oda ya sare za kwaya, akamwonyesha namna ya kukanyaga kwa unyayo wote, akamwambia ana haki ya kusimama wakati wowote. Mkufunzi aliandika, akatabasamu, akaandika tena. Kila alipotabasamu nilikamua mopu iliyokwisha kauka.

Kisha mdogo wangu akamshika mama kifundo cha mkono akitazama saa. Akasema mapigo ni mia na thelathini na nane.

“Bado una nafasi, mama. Tuongeze kidogo?”

Mama hakumjibu yeye. Alinitazama mimi. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo, na midomo yenyewe ilikuwa imeanza kupoteza rangi, kitu ambacho nilikijua vizuri kwa sababu Jumapili nilipokiona nilimkalisha chini. Alikuwa ananiuliza kama alivyokuwa akiniuliza uani, kwa macho, niendelee?

Nikaitikia kwa kichwa.

Alipanda mara nyingine sita au saba. Ya mwisho mguu haukufika juu ya kisanduku. Alianguka kwa ubavu, akajizuia kwa mkono wa kulia, mkono wa kuongozea kitambaa, nikasikia kifundo kikilia. Binti aliacha ndizi yake. Mkufunzi alikuwa wa kwanza kupiga magoti, akasema eish, mama, usiinuke, akamnyanyulia miguu juu ya mkoba wake. Alipopata rangi tena, mkufunzi aliuliza polepole kama kuna jambo lolote ambalo halimo kwenye fomu. Mdogo wangu akamtafsiria mama swali lile. Mama akasema hakuna. Akanitazama tena, mara hii bila kuuliza kitu.

Hivyo kosa likabaki kwa mdogo wangu. Mkufunzi alimwambia kwamba uso wa mteja unasomwa kabla ya saa, na kwamba hawezi kumpitisha. Nafasi ya kazi ilimwendea yule binti.

Nilimpeleka mama kliniki. Mkono haukuvunjika, lakini ulifungwa, na akaambiwa asishone kwa wiki tano. Kwenye teksi ya kurudi alikaa dirishani. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani za mwisho kabla ya kwetu, ndipo alipofungua mdomo.

“Wewe ulijua miaka yangu.”

Nikasema nilijua.

“Mimi niliogopa karatasi. Wewe uliogopa nini?”

Nikamwinulia mkono uliofungwa usigonge kiti cha mbele. Akasema hatamwambia mdogo wangu, si kazi yake. Nimwambie mimi mwenyewe.

Kwa wiki tano nilimfulia, nilimpikia, nikakaa kwenye cherehani yake na kushona mistari iliyonyooka ya zile sare za kwaya huku yeye akinielekeza mikunjo. Siku ya mwisho nilimwambia natumaini nimelipa. Akajaribu vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua.

“Umelipa deni la mkono,” alisema. “La nduguyo halimo humu.”

Nyumbani mdogo wangu alikuwa amebandua picha zote. Halafu jioni moja tukiwa tunakula, akasema amegundua alipokosea. Alikuwa amempeleka mtu wa kwetu kwenye fomu kama mtu wa hapa. Alikuwa ameenda kwa mama mshonaji, wakaongea, mama akamtajia umri wake wa kweli na hakusema zaidi.

“Kosa langu ni kwamba sikukuuliza wewe, yaya. Wewe unawajua hawa mama. Ungeniambia.”

Nikamwambia ale, ugali unapoa.

Alirudia mtihani baada ya miezi sita akapita. Jimu yetu haikuwa na nafasi, akaenda kufanya kazi mbali zaidi, kaskazini ya jiji, teksi mbili kwenda na mbili kurudi. Wateja wanampenda. Fomu anaijaza mwisho. Kwanza anamwuliza mtu alikuwa wapi zamani, nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa bado hajazaliwa, na mwenyewe husema njia hiyo aliichota kwangu. Wivu haukuisha alipofaulu. Nilimwonea wivu hata kwa kushindwa kwake, kwa jinsi alivyolichukua kosa lake na kulifanya kitu cha kumfaa, wakati mimi la kwangu nililifunika.

Mwaka huu wa 2014 alimfuata yule mkufunzi bila kuniambia. Alimweleza habari za kreti ya bia na madumu ya maji. Mkufunzi akaja Jumapili moja, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatazama saa nzima. Akasema cheti cha matriki kinaweza kuombewa msamaha kwa mtu aliyefanya kazi muda mrefu, naye ataniandikia barua. Nimeanza kozi mwezi uliopita. Niko darasani na watoto wa miaka kumi na tisa, na mimi ndiye ninayekaa mbele.

Mama mshonaji yupo bado. Tukikutana uani huwa ananisalimu, kisha ananiuliza kwa nyusi tu, nami natikisa kichwa, bado sijamwambia, na yeye anaendelea na safari yake.

Jana mdogo wangu alikuja kunisikiliza nikikariri sura ile ya kumsikiliza mteja. Alikaa akinielekea, mikono wazi. Alinirekebisha mahali pawili, akafunga kitabu, akaniuliza kama kuna kitu chochote nataka kusema kabla hatujaendelea na mapigo ya moyo. Nilikuwa nacho. Alisubiri muda mrefu, jinsi anavyosubiri wateja wake.

Nikasema tuendelee.