Tangazo la Achari Lililochimbisha Kaburi Marui

Nakiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu wa Kisarawe: mimi ndiye yule kijana aliyemuua Bi Tatu kwa tangazo. Hakufa jamani, ni mzima kuliko mimi, lakini kaburi lilichimbwa, na aliyelisababisha ni mimi niliyekuwa najiita mtaalamu wa biashara mtandaoni.

Nakaa Mkuza, Kibaha. Wazazi wangu walihamia Pwani kutoka kaskazini, kwa hiyo mambo ya wenyeji nayajua nusunusu (na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyoniponza). Kazi yangu ni kuwafungulia wafanyabiashara wadogo kurasa mtandaoni, nawapiga picha, nawaandikia maneno ya kuwavuta wateja. Bi Tatu ni mjane wa Marui, kule Kisarawe, anayetengeneza achari ya embe. Siku ya kwanza nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: unataka nani akuone? Wengine husema wenye maduka, wengine wenye hoteli. Yeye akasema, "Mwanangu Shabani. Yuko Ifakara, mwaka wa sita huu hajakanyaga nyumbani, tuligombana siku ya arobaini ya baba yake. Nikimpigia hapokei. Nasikia siku hizi watu wote wamo humo kwenye simu, labda ataniona."

Nikatabasamu, nikaandika kwenye daftari: wateja, vijana. Ndivyo nilivyomwelewa.

Tukapanga uzinduzi ufanyike kwake, na siku moja kabla yake akaja kwangu kimyakimya (nilimkataza kuwaambia majirani, nikimwambia siri ndiyo inayouza) ili tubandike lebo kwenye chupa. Mchana ule nikampiga picha ameshika chupa ya achari. Sasa kanga yake ilikuwa ya rangi ya machungwa na ukurasa wangu ni wa kijani, rangi zikawa zinagombana, nikaamua jambo dogo tu, dogo kabisa: nikaitoa picha rangi ikawa nyeusi na nyeupe, chupa peke yake nikaiacha na wekundu wake. Chini nikaandika: "Bi Tatu wa Marui. Kesho saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Wote mnakaribishwa." Achari sikuitaja, chupa si inaonekana? Nikairusha kwenye ukurasa, kwenye statasi yake, na kwenye makundi yote ya Kisarawe niliyoyajua. Kisha nikazima simu yake na yangu, kwa sababu kanuni yangu ilikuwa usijibu mtu, acha hamu ipande.

Kumbe simu za watu zilikuwa zinaikata ile picha katikati. Chupa haikuonekana. Ulibaki uso wa mama mtu mzima, hauna rangi, pamoja na saa na mahali. Anayeijua Pwani ameshashika kichwa: huku picha ya namna hiyo ni tangazo la mazishi.

Asubuhi tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, Bi Tatu akakaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya maboksi ya achari. Tulipokaribia kwake nikaona watu, watu kwelikweli, wamejaa hadi barabarani. Nikachungulia dirishani kwake nikamwambia, "Bi Tatu, unaiona nguvu ya mtandao?" Akaniuliza, "Mbona wanaume wamevaa kanzu wote?" Nikamjibu wamependeza kwa ajili yake.

Nikasimama juu ya maboksi na kipaza sauti changu nikatangaza, "Ndugu zangu, Bi Tatu amefika."

Umati wote ukanyanyuka. Vijana wanne wakaja mbio na jeneza la msikitini, mmoja akafungua mlango wa nyuma wa gari huku mwingine akimwambia, "Polepole, mshike kichwa." Wakanikuta mimi na maboksi na kipaza sauti. Hapo ndipo nikaliona turubai, wanawake wamekaa mikekani na kanga kichwani, masufuria yako jikoni.

Halafu mlango wa mbele ukafunguka, marehemu akashuka.

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Jeneza lilitupwa. Bi Tatu akasimama katikati ya uwanja wake akauliza, "Nani kafa?" Jirani yake, Mzee Kondo, akajikaza.

"Tatu, ni wewe."

"Mimi nimefanyaje?"

"Umekufa."

Akaeleza kwamba picha ilifika jioni, wakapiga simu yake haipatikani, ya mwenye tangazo nayo haipatikani, na kuna mtu alimwona akipandishwa gari la Kibaha akikohoa (pilipili ya achari hiyo). Wakajua amefia hospitali. Nikashuka, nikapiga magoti, nikasema shikamoo mzee, kosa ni langu. Marahaba hakuitikia.

"Kaburi tumeshalichimba," akasema, "na kwetu kaburi haliachwi wazi, litadai mtu. Humo unazikwa mgomba. Na mgomba ataubeba huyu."

Basi wakaukata mgomba, wakaufunga shuka nyeupe, wakanitwisha begani. Mzito ule, na maji yake yananichuruzika shingoni, nikazungushwa nao hadi nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mumewe, watu wananifuata, nusu wanamuomba Mungu nusu wananirekodi. Video ile ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka mtandaoni. Niliona aibu mpaka nikatamani nishuke shimoni na mgomba wangu.

Nilikuwa nafukia na jembe pikipiki ilipoingia. Akashuka mwanaume amejaa vumbi, begi mgongoni, hakumsalimia mtu, hakuuliza, akaja moja kwa moja akajitupa juu ya ule udongo. "Mama," akawa anasema, "mama nisamehe, sikupokea simu zako." Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ule ni mgomba.

Bi Tatu akatoka mlango wa jikoni. Akamsimamia kichwani.

"Shabani. Miaka sita nakupigia nikiwa hai, hukuja."

Shabani akageuka, akamwona, akalia kwa sauti ambayo siwezi kuwasimulia. Mama yake akakaa pale pale chini akakiweka kichwa chake mapajani, na wazee wakatazama pembeni.

Wali wa msiba uliliwa kwa achari, chupa zikaisha zote, na wapo wanaonipongeza kwamba mkakati ulifanikiwa. Nawaambia wakome. Nimeapa sitamtoa mtu rangi tena maisha yangu, sitazima simu baada ya kuweka tangazo, na kila picha ataiona kwanza mwenyeji kabla haijaonwa na mteja.

Alasiri nikashika simu niifute ile picha. Bi Tatu akanizuia mkono, akamtazama mwanawe aliyekuwa anakunja turubai, akaninong'oneza, "Iache kwanza. Mpaka nione kama atakaa."